Kuisikia sauti yako mwenyewe unaporekodi nyumbani

Kila anayefuatilia vipindi vyetu vya kupiga simu ameshatusikia tukisema: "Msikilizaji, tafadhali punguza kwanza sauti ya redio yako." Mpigaji anaanza vizuri. Anasalimia, anataja jina na kijiji chake, halafu ghafla anakwama. Maneno yanavutika, neno moja linarudiwa mara mbili, kisha kimya. Akishazima redio, ulimi unafunguka na salamu zinaendelea hadi kwa shemeji na wajomba.

Wengi wanadhani tunaomba hivyo kwa sababu ya ule mluzi mkali unaotokea simu ikiwa karibu na redio. Mluzi ni sababu mojawapo. Sababu ya pili ni kwamba mpigaji anaisikia sauti yake ikimrudia kutoka redioni ikiwa imechelewa kidogo. Sikio linapoletewa neno ambalo mdomo umeshalimaliza, ubongo unababaika, na mtu mwenye ulimi mwepesi anaongea kama mwenye kigugumizi.

Jambo hilohilo linawapata watu wanaorekodi nyimbo nyumbani, ila wao hawana mtangazaji wa kuwaambia wazime redio.

Studio ya nyumbani siku hizi ni chumba kimoja: godoro limeegeshwa ukutani, kompyuta ya mtumba, maiki moja na hedifoni. Kwingine ni simu tu. Kazi zinatufikia kwa WhatsApp na kwa memori kadi: bongo fleva, singeli, kwaya, kaswida, hata matangazo ya maduka. Katika nyingi tunakuta mwimbaji yuko nyuma ya biti mwanzo hadi mwisho, au anapiga kelele pale wimbo ulipotaka upole, au anatoka nje ya ufunguo ingawa kanisani na harusini sauti yake imenyooka. Watu humhukumu haraka: huyu hajui kuimba. Sisi tumejifunza kuuliza swali moja kabla ya hukumu hiyo. Alikuwa anasikia nini masikioni alipokuwa anaimba?

Makala hii inaeleza kwa nini swali hilo ni muhimu, na namna ya kujipanga ili ujisikie vizuri unaporekodi, hata kama ulicho nacho ni simu na waya.

Sauti yako inakufikia kwa njia mbili

Tuanze na jambo linalomshangaza kila mtu mara ya kwanza. Unarekodi, unasikiliza, unasema: "Huyu si mimi." Ni wewe. Ndivyo wenzako wanavyokusikia siku zote.

Unapoongea au kuimba, sauti inatoka mdomoni, inapita hewani na kuingia masikioni. Hiyo ni njia ya kwanza, na maiki nayo inapata sauti hiyo ya hewani. Lakini sauti pia inatikisa mifupa ya kichwa na kufika sikio la ndani bila kupita nje. Georg von Békésy, mwanasayansi mzaliwa wa Hungaria aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1961 kwa kazi yake juu ya sikio la ndani, alichunguza njia hizi mbili na kuona kuwa mtu anapoongea, nguvu zake zinakaribiana. Sauti ya mifupani ni nzito zaidi. Rekodi haina sehemu hiyo, kwa hiyo unajiona una sauti nyembamba kuliko ulivyozoea.

Jaribu sasa hivi. Ongea neno moja, kisha ziba masikio yote mawili kwa vidole na ulirudie. Sauti inavuma kichwani kama uko ndani ya mtungi. Hivyo ndivyo inavyokuwa ukivaa hedifoni zinazofunika masikio yote mawili huku sauti yako haipiti ndani yake. Unajisikia kwa mifupa tu: mvumo mwingi, maneno hayako wazi, na ni vigumu kujua kama uko kwenye noti.

Waimbaji wa kwaya wanalijua hili bila kusomea. Mwimbaji wa sauti ya pili akisimama karibu na wa kwanza wenye sauti kubwa, utamwona anaziba sikio moja kwa kidole. Anatafuta sauti yake mwenyewe isipotee katikati ya wenzake.

Zamani waliimba bila hedifoni

Siti binti Saad na wenzake walipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni ya HMV, kurekodi kulikuwa ni kukaa pamoja, kupiga na kuimba wimbo wote kwa mara moja. Miaka mingi baadaye, bendi zilizorekodi Radio Tanzania Dar es Salaam nazo zilipiga wimbo mzima kwa pamoja. Mwimbaji aliisikia sauti yake ikichanganyika na ala kama anavyosikia kila siku jukwaani.

Hedifoni zikawa za lazima watu walipoanza kupachika sauti juu ya sauti. Mwaka 1951, Les Paul na mkewe Mary Ford wa Marekani walitoa wimbo "How High the Moon", waliourekodi nyumbani kwao, ambamo Mary anaimba sauti kadhaa juu ya sauti zake mwenyewe. Kazi ya namna hiyo inataka mwimbaji asikie kilichokwisha kurekodiwa bila maiki kukisikia tena.

Leo karibu kila studio ya nyumbani inafanya kazi hivyo. Biti imekwisha tengenezwa, wewe unaimba juu yake. Faida ni kubwa, maana mtu mmoja anaweza kuwa bendi nzima. Hasara yake ni kwamba kile unachokisikia hakitoki tena chumbani. Kinatoka kwenye waya, na mtu fulani lazima akipange. Nyumbani, mtu huyo ni wewe.

Adui wa kwanza: kuchelewa

Mwaka 1950 Mmarekani Bernard Lee aliandika kuhusu watu waliovalishwa hedifoni na kurudishiwa maneno yao wenyewe yakiwa yamecheleweshwa kwa mashine ya kanda. Walijikwaa, walirudia silabi, wengine walinyamaza kabisa. Watafiti waliofuata waliona kuwa ucheleweshaji wa takriban milisekunde 200, yaani sehemu moja ya tano ya sekunde, ndio unaosumbua zaidi. Ni yuleyule mpigaji wetu ambaye hajazima redio.

Ili upate picha, kumbuka kuwa sauti husafiri hewani takriban mita 340 kwa sekunde. Kwa hiyo milisekunde 10 ni kama kumsikia mtu aliye mita tatu na nusu kutoka kwako. Hilo halikusumbui. Milisekunde 200 ni kama kumsikia mtu aliye mita 68, mbali kuliko nusu ya uwanja wa mpira. Nani anaweza kucheza ngoma kwa kufuata mpigaji aliye mbali kiasi hicho?

Kijana mmoja alituletea wimbo wa singeli kwenye memori kadi. Mashairi mazuri, pumzi anayo, lakini kila mstari ulikuwa nyuma ya biti. "Kaka, nimeshaambiwa na watu watatu kwamba sijui kuingia kwenye biti," alisema, na alikuwa amekaribia kuacha. Tulimwomba atuonyeshe vifaa vyake. Alitoa hedifoni za Bluetooth, nzuri, za gharama kuliko zetu.

Hapo ndipo tatizo lilipokuwa. Hedifoni za Bluetooth hubana sauti, huituma kwa mawimbi, kisha huifungua tena. Safari hiyo mara nyingi inakula zaidi ya milisekunde 100, na nyingine hufika 200 au kupita. Kijana alikuwa anaimba sawasawa kabisa na biti aliyoisikia, ila biti hiyo ilimfikia ikiwa imechelewa. Singeli inakimbia sana. Ikiwa ni mapigo 240 kwa dakika, pigo moja ni milisekunde 250 tu. Ukichelewa milisekunde 200 umekosa karibu pigo zima.

Tulimpa hedifoni ya waya. Akarudia ubeti uleule, na akaingia kwenye biti mara ya kwanza. Hakuna aliyemfundisha kitu siku ile.

Kanuni ya kwanza basi ni hii: Bluetooth ni ya kusikilizia wimbo uliokwisha. Wakati wa kurekodi tumia waya. Kama simu yako haina tundu la hedifoni, kipo kiunganishi kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la chaji, na madukani ya simu kinapatikana.

Kompyuta nayo inachelewesha

Ukishaweka waya, bado kuna ucheleweshaji wa kompyuta yenyewe. Programu ya kurekodi haishughulikii sauti tone kwa tone. Inaikusanya kwenye mafungu, inalimaliza fungu, inachukua jingine, kama mtu anayechota maji kwa ndoo badala ya kikombe. Fungu hilo huitwa bafa. Sauti ikikatwa vipande 44,100 kwa sekunde, bafa ya vipande 256 ni karibu milisekunde 6, na ya vipande 1024 ni karibu milisekunde 23. Sauti yako inaingia kwa ndoo na kutoka kwa ndoo, kwa hiyo zidisha mara mbili na uongeze kidogo.

Waimbaji wengi hawasumbuki jumla ikiwa chini ya milisekunde 10. Ikipita 20 wanaanza kuhisi kuna mtu anawafuata nyuma. Kwa hiyo unaporekodi, weka bafa ndogo, 128 au 256. Ukisikia sauti inakwaruza au kukatika, kompyuta imezidiwa, basi funga programu nyingine au panda hatua moja. Wakati wa kuchanganya wimbo, ambapo huimbi tena, irudishe 1024 kompyuta ipumue.

Iko njia bora zaidi. Kadi ya sauti ya nje, kile kiboksi kinachounganisha maiki na kompyuta, mara nyingi ina kitufe au kirungu cha kuipeleka sauti ya maiki moja kwa moja kwenye hedifoni, bila kwanza kuizungusha kompyutani. Ukikiwasha unajisikia papo hapo. Miksa ndogo yenye tundu la hedifoni, kama zile za kanisani na kwenye sherehe, inafanya kazi hiyohiyo.

Ukitumia njia hii, kumbuka kuzima usikilizaji wa maiki ndani ya programu. Usipozima, utajisikia mara mbili, moja ya papo hapo na nyingine iliyochelewa kidogo, na zikikutana sauti inakuwa na uwazi wa ajabu kama unaimba ndani ya bomba. Watu wengi wakisikia hivyo wanalaumu maiki na kwenda kununua nyingine. Maiki haina kosa.

Adui wa pili: biti kubwa kuliko sauti yako

Mwaka 1911 daktari wa Ufaransa, Étienne Lombard, alieleza jambo ambalo kila aliyewahi kwenda mnadani analijua: kwenye kelele mtu hupaza sauti bila kujitambua. Kelele ikikatika ghafla, anajikuta anapiga ukelele peke yake.

Ndivyo inavyokuwa biti ikijaa masikioni. Hujisikii, kwa hiyo unasukuma. Ukisukuma, koo linakaza, noti za juu zinakatika na baada ya nusu saa sauti imekwaruza. Unapomaliza na kusikiliza unakuta ubeti wa huzuni umeimbwa kama tangazo la mnada.

Mama mmoja wa kwaya, ambaye sauti yake ikitoka kanisani inafika barabarani, alirekodi wimbo nyumbani kwa kijana wa mtaani kwao. Kila alipofika kiitikio alitoka nje ya ufunguo, na akaambiwa apumzike, aimbe binti mwingine. Alilisimulia hilo kwa upole, lakini lilikuwa limemuumiza. Tulipouliza, tuligundua kuwa masikioni kulikuwa na biti tupu. Sauti yake mwenyewe haikuwekwa kabisa, na hedifoni zilimziba masikio yote mawili. Miaka 20 amejiongoza kwa kusikia sauti yake ikigonga ukuta wa kanisa. Siku ile aliondolewa uongozi huo na hakuna aliyemwambia.

Dawa ni kuanza na biti ikiwa chini. Weka biti kiasi cha kusikia mapigo na ufunguo, basi. Kisha ongeza sauti yako mpaka usikie matamshi yako bila kujitahidi. Mara nyingi utahitaji biti ndogo kuliko unavyopenda.

Kirungu hicho kinaweza pia kuwa usukani. Mwimbaji akijisikia sana hupunguza nguvu mwenyewe, na akijisikia kidogo huongeza. Kwa hiyo kama ubeti unataka upole, mpandishie sauti yake kidogo masikioni. Kama kiitikio kinataka moto, ishushe kidogo. Utapata unachotaka bila kumwambia neno, na bila kumtia wasiwasi.

Usichanganye virungu viwili

Hili ni kosa tunalolikuta kila mara. Mwimbaji anasema, "Sijisikii." Anayerekodi anapandisha kirungu cha maiki. Kweli sauti inaongezeka masikioni, lakini pia imeongezeka kwenye rekodi, na mwimbaji akifika noti ya juu sauti inapasuka. Sauti iliyopasuka wakati wa kurekodi ni kama ugali ulioungua, haurudi.

Virungu ni viwili na kazi zao ni tofauti. Kirungu cha maiki kinaamua kiasi gani kinarekodiwa. Kirungu cha hedifoni kinaamua kiasi gani unasikia. Panga cha maiki kwanza: imba sehemu yenye nguvu kuliko zote, na kipimo kwenye kioo kiishie kati ya -12 na -6, kisifike 0. Baada ya hapo usikiguse tena. Mwimbaji akisema hajisikii, gusa cha hedifoni au punguza biti.

Sikio moja wazi

Ukiangalia picha za waimbaji studio utaona wengi wameshusha upande mmoja wa hedifoni. Wanafanya hivyo ili sikio moja lifuate biti na jingine lisikie sauti yao halisi chumbani, isiyochelewa hata kidogo. Kwa mtu asiyezoea hedifoni, na hasa kwa waimbaji wa kwaya na kaswida, hii ndiyo njia ya haraka kuliko zote ya kuwarudisha kwenye ufunguo.

Kuna tahadhari moja. Upande ulioshushwa unaendelea kupiga biti, na maiki iko karibu. Ubane kwenye kichwa nyuma ya sikio, au kama programu inaruhusu, peleka sauti yote upande mmoja na unyamazishe mwingine. Kwa zile ndogo za kuingiza sikioni, chomoa moja na uifiche ndani ya shati.

Biti kuingia kwenye maiki ni tatizo linalojificha. Hulisikii mpaka unapotaka kubadilisha biti au kuacha sauti peke yake, ndipo unakuta "tsi, tsi, tsi" nyuma ya kila neno. Ndiyo maana hedifoni za kurekodia ziwe za kuziba, zinazofunika sikio lote na mgongo wake usiwe na matundu. Zile za wazi zinapendeza kusikilizia, lakini zinamwaga sauti nje. Jipime hivi: vaa hedifoni, piga biti kwa kiasi utakachoimbia, bonyeza rekodi na unyamaze sekunde 20. Sikiliza ulichorekodi. Kama biti inasikika, ipunguze.

Kuhusu spika, usiimbe huku biti inatoka kwenye spika ndani ya chumba hichohicho. Itaingia yote kwenye maiki, na ukifungulia na sauti yako itatoka mluzi: maiki inachukua sauti ya spika, spika inaikuza, maiki inaichukua tena, bila mwisho.

Mwangwi wa kujipa moyo

Sauti kavu masikioni inaogopesha. Mtu anasikia kila pumzi, kila mate, anaanza kuimba kwa hofu. Mwangwi kidogo kwenye hedifoni humrudisha kwenye hali ya ukumbini na akatulia. Weka kidogo tu. Ukizidi, noti zinashikana na huwezi kujua kama umetoka nje ya ufunguo. Na hakikisha mwangwi huo ni wa masikioni pekee na rekodi inabaki kavu, kwa sababu ukisharekodiwa hauondoki.

Tahadhari hiyohiyo iwe kwa autotune. Ukiimba huku unasikia sauti iliyonyooshwa na mashine, sikio linaacha kusahihisha na koo linapotea zaidi. Mara nyingi pia inaongeza kuchelewa. Imba kwanza, mashine ije baadaye kama bado inahitajika.

Ukiwa na simu tu

Wasomaji wetu wengi hawana kompyuta wala kadi ya sauti. Msikate tamaa. Simu mbili, yako na ya kuazima, zinatosha kurekodi huku ukijisikia bila kuchelewa hata chembe.

Simu ya kwanza inapiga biti. Chomeka hedifoni ya waya na uvae sikio moja tu. Simu ya pili inarekodi sauti yako, ikiwa imewekwa kwenye hali ya ndege ili isiite katikati ya ubeti. Iweke karibu shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi isiipige moja kwa moja. Sikio lililo wazi linakupa sauti yako halisi, kama unavyoimba shambani.

Biti iwe na hesabu mwanzoni: moja, mbili, tatu, nne. Piga makofi pamoja na hesabu hiyo, kisha imba. Makofi yanarekodiwa kwenye simu ya pili. Baadaye unapounganisha, sogeza rekodi ya sauti mpaka makofi yakutane na hesabu ya biti, na wimbo wote utakaa mahali pake.

Maarifa haya yanaokoa hata kazi ya zamani. Kama ulirekodi kwa Bluetooth na sauti iko nyuma kwa kiasi kilekile mwanzo hadi mwisho, usifute. Isogeze mbele kidogo kidogo kwenye programu mpaka ikae. Wimbo wa kijana wetu ungeweza kuponywa hivyo bila kuimbwa upya.

Chumba nacho kichague. Bati tupu na kuta tupu hurudisha sauti, na hilo linaingia kwenye rekodi. Chumba chenye kitanda, nguo na mablanketi kinatuliza. Na kama mvua imeanza kupiga bati, ahirisha.

Masikio hayana vipuri

Mwisho, afya. Mtu anayerekodi hupandisha sauti ya hedifoni kidogo kila baada ya nusu saa, kwa sababu masikio yamechoka na yanaona kama imepungua. Shirika la Afya Duniani linashauri sauti ya vifaa vya masikioni isizidi asilimia 60 ya uwezo wa kifaa. Kwa kipimo cha desibeli, kiwango cha 80 kinavumilika saa 40 kwa wiki, lakini ikifika 90 kinavumilika saa nne tu. Ongezeko linaloonekana dogo linakata muda mara kumi.

Shusha sauti kabla ya kuvaa hedifoni, kwa sababu maiki ikichomekwa ghafla inaweza kulipuka sikioni. Pumzika dakika kumi kila baada ya saa moja. Ukimaliza na masikio yanalia "nziii", ulizidisha, na kesho punguza. Kelele hiyo isipoondoka baada ya siku moja au mbili, nenda kituo cha afya. Seli za kusikia zilizoko sikio la ndani zikifa hazioti tena.

Dakika tano kabla ya kuanza

Kabla hujabonyeza rekodi, jiulize haya. Je, hedifoni ni ya waya? Je, najisikia papo hapo, mara moja tu? Je, kirungu cha maiki kimepangwa na kimeachwa? Je, biti iko chini ya sauti yangu? Je, nimejaribu sikio moja wazi? Je, biti haivuji kwenye maiki? Imba ubeti mmoja, usikilize, kisha ndipo uanze kazi.

Na kama wewe ndiye unayemrekodi mwenzako, vaa hedifoni zake kabla hajazivaa na uimbe mstari mmoja wewe mwenyewe. Ukishindwa kukaa kwenye ufunguo, ujue na yeye atashindwa.

Yule mama wa kwaya alirudi kurekodi. Safari hii alivaa sikio moja, biti ikashushwa, sauti yake ikawekwa masikioni na mwangwi kidogo. Kiitikio alikipata. Kijana aliyemrekodi alimwambia, "Mama, samahani, kosa lilikuwa langu." Wimbo huo tunaupiga Jumapili asubuhi, na ukiusikia hutajua kamwe kwamba ulikaribia kuimbwa na mtu mwingine.

Ukiwa na swali kuhusu kurekodi, tupigie wakati wa kipindi. Ila kabla hujaongea, tafadhali, punguza kwanza sauti ya redio yako. Sasa unajua kwa nini.